MASHINE HAIHESABU USINGIZI
Neno kwa waamini na viongozi wa walei juu ya haki ya dereva kijana wa lori



Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo, na ile iendeleayo kuvuka mto Ruvu kuelekea Kiwangwa na Msata, zimekuwa sehemu ya maisha ya kila familia ya mwambao huu. Kwa barabara hizo mananasi ya Kiwangwa hufika sokoni, mchanga na kokoto hupelekwa kwenye majengo ya jiji, na shehena za bandarini hushika njia ya Tanga, Moshi na Arusha. Nyuma ya usukani wa malori hayo wameketi vijana wetu. Ni wana wa jumuiya zetu, ni waume wa mabinti zetu, na wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa utingo, wakilala juu ya mizigo kabla ya kuruhusiwa kugusa gia.

Tunaandika maneno haya kwa sababu kitu kipya kimeingia katika kebini ya lori, na kimeingia bila mjadala. Kijana anayekabidhiwa lori leo anakabidhiwa pia kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kujua lori liko wapi. Ndani ya kifaa hicho mna laini ya simu inayopeleka habari ofisini kila baada ya muda mfupi. Anakabidhiwa kipimo kilichotumbukizwa katika tangi la mafuta, kidhibiti mwendo, na kengele inayolia akizidisha kasi. Katika malori mengine anakuta kamera mbili, moja ikitazama barabara na nyingine ikimtazama yeye usoni tangu alfajiri hadi usiku wa manane.

Tuseme msimamo wetu mapema, ili asiwepo wa kutusingizia. Sisi hatuzipingi mashine hizi. Tunapinga zitumike kumhesabia dereva makosa yake huku zikinyamaza juu ya saa zake za kazi, mapumziko yake na mkataba wake. Mashine inayomwangalia anayetumwa na kufumba jicho kwa anayetuma haijaleta usalama barabarani. Imeleta msimamizi mwingine tu, asiyechoka na asiyeulizwa swali.

1. Tunayoyakubali

Hakuna mzazi wa mwambao huu anayehitaji kuelezwa ubaya wa ajali. Mwezi Februari 2023, huko Korogwe, katika barabara ile ile ambayo malori yetu huingia yakifika Msata, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba waombolezaji na maiti kutoka Dar es Salaam. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha. Mbele ya misiba ya namna hiyo, mtu anayedharau chombo chochote cha kuokoa uhai anatenda dhambi.

Tunakubali kwamba breki zisizofunga magurudumu kwa ghafla zimesaidia, na kwamba kamera ya nyuma inamwokoa mtoto anayecheza nyuma ya tipa. Tunakubali pia mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya mikoani, ulioanza siku za SUMATRA na kurithiwa na LATRA baada ya sheria ya mwaka 2019. Mfumo huo umewapunguzia abiria hofu, na serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku tena kuanzia Oktoba 2023, ulikuwa miongoni mwa ngao zilizotegemewa. Lakini tuangalie tofauti. Basi la safari ndefu hutakiwa kuwa na madereva wawili, na abiria waliomo ndani ni mashahidi wenye simu na sauti. Lori la mizigo huenda na dereva mmoja na utingo. Mizigo haina sauti. Shehena iendayo nchi jirani hufungwa lakiri ya kielektroniki ili kodi isipotee, mafuta hupimwa ili yasiibwe, na lori hufuatiliwa ili lisipotee. Je, ni chombo gani kilichofungwa ili usingizi wa dereva usipotee?

2. Mashine inaona nini, na haioni nini

Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 3 tu, lori limekwenda mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, likiwa halina mtu. Sasa tazameni kioo cha ofisini katika sekunde hizo 3. Mwendo ni 80, nao unaruhusiwa. Njia ni ile ile, mafuta hayajapungua isivyo kawaida, na kengele haikulia. Kwa jicho la mashine ya kawaida, dereva aliyelala kwa mwendo halali hana kosa lolote.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mtu aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Sisi tunamkemea dereva mlevi, nasi tunafanya vema. Lakini ni nani anayemkemea mwajiri anayempigia simu dereva aliyekesha na kumwambia apakie tena kabla jua halijachomoza?

Jambo la pili. Vifaa hivi huhesabu breki ya ghafla kuwa alama mbaya. Mtoto wa shule akikatiza barabara pale Zinga, au mbuzi akiruka kutoka vichakani Makurunge, dereva mwema hukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Ameokoa uhai, lakini ofisini limeandikwa kosa. Kifaa kimepima mtikisiko wa lori, hakikumwona mtoto. Kijana aliye mgeni katika kazi, anayeogopa kukatwa posho kwa sababu ya alama, anafundishwa polepole kusita kukanyaga breki. Ni mafunzo gani hayo?

Jambo la tatu ni gumu zaidi. Lori likisimama, mashine huandika kwamba limesimama. Lakini dereva aliye katika foleni ya kupakia, anayesogea hatua kumi kila nusu saa, anayekagua turubai na kamba, anayelinda mizigo isiibwe gizani, huyo hajapumzika hata dakika moja. Mwajiri akisoma taarifa ile husema, “Ulikuwa umesimama saa sita, sasa endesha.” Hivyo ndivyo kazi ya mtu inavyogeuzwa kuwa mapumziko kwa hesabu ya kompyuta.

3. Mwendo wa kasi huzaliwa ofisini

Wenye magari hupenda kusema kwamba vijana hukimbiza malori kwa sababu ya ujana na bangi. Wapo wa namna hiyo, hatuwafichi. Lakini tumewasikiliza madereva wa vigango vyetu, na habari yao ni moja: mshahara ni mdogo au haupo, na riziki hutoka katika tripu. Anayepeleka tripu mbili za mchanga hupata, anayepeleka nne hupata zaidi, na anayelala hapati kitu. Wengine hawana ajira kabisa, ni deiwaka, wanashika usukani pale mwenye gari anapomhitaji mtu, na wanaachwa pale lori linapoharibika. Mtu wa namna hiyo ukimfungia kengele ya mwendo, umemwambia asikimbie, na huku malipo yake yanamwambia akimbie. Mabwana wawili wamo ndani ya kebini moja, na anayelisha watoto ndiye atakayetiiwa.

Nchi zilizotutangulia katika vyombo hivi zimelipitia jambo hili. Katika Uingereza ya miaka ya 1970 madereva walikipinga vikali kifaa cha takografu, kinachoandika saa za kuendesha na za kupumzika, wakakiita jasusi wa kebini. Hata hivyo kilikuja kuwa ngao ya dereva pia, kwa kuwa karatasi yake ilimshtaki mwajiri aliyemwendesha mtu kupita kiasi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kwa kawaida asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku. Kanuni hiyo hiyo inaikataza kampuni kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mizigo, ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Walitambua kwamba kuhesabu saa bila kugusa malipo ni kazi bure.

Marekani ilifunga mashine bila kugusa malipo. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya huko yanalazimika kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachohesabu saa za dereva, lakini wengi wanaendelea kulipwa kwa maili. Watafiti walipochunguza matokeo, waliona kwamba uvunjaji wa saa ulipungua, lakini ajali hazikuonekana kupungua. Katika kampuni ndogo, makosa ya mwendo kasi yaliongezeka, kwa kuwa dereva aliyebanwa saa alifidia kwa mguu. Tunalo funzo hilo bure, limelipiwa na wengine. Kwa nini tulinunue tena kwa damu yetu?

4. Sheria tunayo, haipandi ndani ya lori

Tusiseme kwamba Tanzania haina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, katika siku zisizozidi 6. Hata kwa saa za ziada, mtu haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Baada ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima. Kati ya siku ya kazi na nyingine anastahili saa 12 za kupumzika, isipokuwa kwa masharti maalumu, na kila wiki saa 24 mfululizo.

Sheria hiyo haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi fidia ya hasara kwa matakwa yake. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Pimeni basi na yale tunayoyasikia. Kipimo cha tangi kinasema lita 20 zimepungua, na mwisho wa mwezi dereva anakuta zimekatwa zote, pasipo barua wala swali. Lori likiegeshwa kwenye mteremko, mafuta huegemea upande mmoja na kipimo kibovu chaweza kudanganya. Je, shahidi wa chuma asiyehojiwa atoshe kumhukumu mtu mwenye roho?

Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Habari za mahali alipo mtu, sura yake katika kamera na mwenendo wake wa kazi ni taarifa zake binafsi. Anayo haki ya kujua zinakusanywa kwa sababu gani na kuziona, na sheria imempa pia kinga dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Ni madereva wangapi wa Bagamoyo wamewahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa yale yaliyoandikwa juu yao?

5. Dereva mgeni na mashine asiyofundishwa

Mwenye kuumia zaidi ni kijana aliyeanza juzi. Anakabidhiwa lori ambalo kioo chake kinazungumza Kiingereza au Kichina. Taa ya rangi ya chungwa inawaka mbele yake, naye hajui kama inamwambia breki ina hitilafu au upepo wa breki umepungua. Amefundishwa na mwenzake, aliyefundishwa na mwenzake. Kengele ikimsumbua, anaiziba kwa kitambaa, kwa sababu hakuna aliyemweleza inalia kwa ajili gani. Baadaye tunaambiwa kwamba vijana wanaharibu vyombo.

Tunakumbuka mgomo wa mwezi Aprili 2015, na ule wa mwezi Mei mwaka huo huo, madereva waliposimamisha magari karibu nchi nzima. Walilipinga agizo la kurudi chuoni kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba ya ajira. Watu wengi walikumbuka usumbufu wa vituoni wakayasahau madai. Wale watu hawakukataa elimu. Walikataa kulipia wenyewe elimu ambayo faida yake ya kwanza inakwenda kwa mwenye gari. Swali hilo limerudi leo kwa sura nyingine: mwenye kununua mashine ndiye anayepaswa kumlipia dereva siku za kujifunza kuitumia, kwa Kiswahili, kabla lori halijatoka uani.

6. Kwa wenye malori

Baadhi yenu mnasali pamoja nasi, nasi tunawaheshimu. Tunajua kwamba mafuta huibwa njiani, kwamba mkopo wa benki haungoji, na kwamba siku moja ya foleni hula faida ya wiki. Hatuwaiti wezi. Lakini tunawauliza: ikiwa chombo chenu kinajua kila lita na kila kilometa, kwa nini kisijue kwamba dereva wenu amekuwa kazini saa 19? Habari hizo zimo humo humo. Kifaa kinachoonyesha lori lilipowashwa na lilipozimwa kinatosha kuanza kumhesabia mtu saa zake, akiongeza kwa mkono wake saa za foleni na za kupakia. Hakuna kifaa kipya cha kununua. Kinachokosekana ni nia. Mnaposema hamkujua kwamba amechoka, mjue kwamba tangu siku mlipofunga mashine hiyo udhuru huo umekwisha. Mwenye kuona kila kitu huwajibika kwa kila kitu anachokiona.

7. Bagamoyo inaijua habari hii

Mji wetu ulijengwa na watu wa mizigo. Katika karne ya 19 maelfu kwa maelfu ya wapagazi walishuka hapa kutoka Unyamwezi, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi na zaidi, na masimulizi mengi hulieleza jina la mji wetu kuwa ni pahala pa kubwaga moyo, pa kutua mzigo na kupumua. Neno posho, ambalo dereva hulitamka kila siku, ni neno la misafara ile: ni chakula alichostahili mpagazi njiani. Safari zile zilikuwa na mateso mengi, wala hatuzisifu. Lakini hata humo uzito wa mzigo ulijulikana, vituo vya kulala vilijulikana, na wapagazi waliozidishiwa mzigo waliutupa chini na kugoma au kutoroka. Walijua kwamba mbebaji ana kipimo chake. Itakuwa aibu kubwa kama sisi, wenye setilaiti juu ya vichwa vyetu, tutakijua kipimo cha tangi tusikijue kipimo cha mtu.

Tangu waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, Kanisa halijaacha kufundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba mapumziko si zawadi ya mwajiri. Papa Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo mwaka 1981 na kulipanua. Halijachakaa kwa sababu lori limepata kompyuta.

8. Tunalotaka

Kwanza, kila lori lililofungwa kifaa cha ufuatiliaji lihesabu pia saa za kazi za dereva, pamoja na saa za foleni na za kupakia, na nakala apewe dereva mwenyewe kila mwezi.

Pili, mtu asikatwe malipo wala kuachishwa kazi kwa ushahidi wa mashine peke yake, bila kusikilizwa kama sheria inavyotaka.

Tatu, malipo ya tripu yasiwe riziki yote ya dereva; uwepo mshahara wa msingi ndani ya mkataba wa maandishi.

Nne, mafunzo ya vyombo hivi yatolewe kwa Kiswahili na kwa gharama ya mwajiri.

Tano, wanaokagua malori kwenye mizani na barabarani waulize pia jambo moja ambalo haligharimu kitu: “Umelala lini?”

Viongozi wa walei, msingoje barua kutoka juu. Katika kila kigango kilicho kando ya barabara wapo madereva. Waiteni siku moja baada ya ibada, pamoja na wake zao, kwa kuwa wao ndio wanaojua mume amerudi saa ngapi na ameondoka saa ngapi. Wafundisheni kuandika saa zao katika daftari, hata la shilingi mia chache, tarehe kwa tarehe. Daftari la dereva likiwekwa kando ya taarifa ya mashine, ndipo pande zote mbili zitakuwa na shahidi. Mwenye shauri na apelekwe kwa ofisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, asikae akinung'unika peke yake chini ya mwembe. Wenye malori nao waiteni meza hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayeendesha lori, na je, ana mkataba wa maandishi?
2. Mara ya mwisho alipumzika siku nzima lini?
3. Sisi tunaonunua mchanga, kokoto na vyakula, tunapodai mzigo ufike usiku huu huu, je, tunakuwa upande gani?
4. Je, yuko mwenye lori kati yetu aliye tayari kuwa wa kwanza kumpa dereva wake nakala ya saa zake?

Jumuiya itakayojibu swali la nne kwa kutaja mtu imekwisha anza kazi.